Jiwe la Picha ya Harusi

Sisi ni wakaza mwana watatu wa boma moja, kwenye miteremko ya vilima vya Iveti, si mbali na mji wa Machakos. Kwa Kikamba wanawake walioolewa huitwa iveti, kwa hiyo mgeni akituuliza tunakaa wapi, humjibu kwa kucheka kwamba tunakaa kwenye vilima vya wake. Kila asubuhi tukifungua milango tunaona mambo yale yale: matuta ya shamba yakishuka kama ngazi, miembe, mabati ya nyumba za majirani, na huko chini kabisa kijito chetu cha mchanga kikipinda kama mkia wa mjusi. Ungetuuliza wakati huo kuna nini cha kutazamwa, tungekuambia hakuna. Wazee husema mazoea yana taabu, na taabu mojawapo ni kwamba jicho lililozoea haliangalii tena.

Aliyetufungua macho ni kijana wetu anayesoma chuo mbali na nyumbani. Siku moja alituma ujumbe kwamba anataka picha za kubandika ukutani mwa chumba chake. Tukamwuliza anataka picha ya nani, baba au nyanya? Akajibu: "Si za watu, mama. Za shamba. Nataka nikiamka nione kwetu."

Tulicheka sana jioni hiyo tukichambua kunde. Sisi tumezoea kwamba picha hupigwa watu wakiwa wamevaa vizuri, siku ya harusi, ubatizo au mahafali. Nani huvalisha shamba nguo mpya? Lakini mtoto ameomba, na mama hawezi kukataa jambo lisilohitaji fedha. Kesho yake saa saba mchana tulitoka na simu ya mwenzetu ambaye ni mwalimu wa jiografia, tukapiga picha kumi na mbili.

Zote zilikuwa mbaya. Kilima kilionekana kama blanketi kuukuu lililoanikwa. Matuta tunayoyajua kwa miguu yetu, moja moja, hayakuonekana kabisa. Mama mkwe wetu, ambaye sote twamwita Mwaitu, alizitazama akasema, "Hapa si kwetu. Hapa ni pahali pa njaa."

Kosa letu lilikuwa la saa. Jua la utosini hufuta vivuli vyote, na bila kivuli huoni kipi kimeinuka na kipi kimeinama. Tulirudi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, jua likichomoza pembeni mwa kilima. Loo! Kila tuta lilikuwa na mstari wake mweusi wa kivuli. Tulihesabu mistari kumi na minne kutoka nyumbani hadi kijitoni. Tulikuwa tumelima juu yake miaka yote hiyo na hatukuwahi kuihesabu.

Kilima kabla ya matuta

Mwalimu wetu ndiye aliyetuletea kitabu kutoka shuleni. Kiliandikwa na Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, kikachapishwa mwaka 1994, nacho kinaeleza habari za Machakos hii hii yetu. Ndani yake mna picha zilizopigwa mwaka 1937, wakati wa ukoloni, na kando ya picha hizo, nyingine za pahali pale pale zilizopigwa mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Tulimwonyesha Mwaitu zile za mwaka 1937 bila kumwambia ni za wapi. Ardhi ilikuwa tupu. Makorongo yalikuwa yamechimba milima kama makucha ya chui, na miti ilikuwa michache ya kuhesabika. Mwaitu alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Mama mkwe wangu alikuwa akinihadithia nchi hii. Nilidhani anatia chumvi."

Kumbe hakutia chumvi. Katika miaka ile ukame ulikuwa umefuatana na nzige. Malisho mengi ya Wakamba yalikuwa yamechukuliwa kuwa mashamba ya walowezi, kama huko vilima vya Mua, na ng'ombe walibanwa katika eneo dogo hadi nyasi zikaisha. Serikali iliona dawa ni kupunguza ng'ombe kwa nguvu. Mwaka 1938 ilianza kuwachukua na kuwauza, na Wakamba kwa maelfu wakatembea hadi Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu kudai mifugo yao. Baadaye Muindi Mbingu alikamatwa na kupelekwa Lamu. Leo kuna barabara katikati ya Nairobi yenye jina lake, ambayo wengi wetu huipita tukienda sokoni bila kufikiri kwamba habari yake ilianzia kwenye udongo wa nyumbani kwetu.

Wataalamu wa wakati ule waliamini kwamba nchi hii imeshakufa. Walidhani watu wakizidi itakufa zaidi. Sasa tazama hesabu zilizomo katika kitabu hicho: miaka ya 1930 wilaya ya Machakos, pamoja na Makueni ya leo, ilikuwa na watu karibu 240,000. Mwaka 1989 walikuwa karibu 1,400,000. Watu wameongezeka zaidi ya mara tano, na picha za mara ya pili zinaonyesha miti mingi kuliko mwanzo, matuta kila upande, na makorongo mengi yaliyopona. Wale waliodhaniwa kuwa ugonjwa wa nchi ndio walioitibu.

Mikono ya akina mama

Waliitibu kwa jembe. Mwanzoni matuta yalikuwa kazi ya lazima chini ya amri ya wakoloni, na watu waliyachukia kama unavyochukia jambo lolote unalosukumwa kulifanya. Yalikuja kupendwa baadaye, hasa miaka ya 1950, Wakamba walipoanza kulima kahawa na kuuza mboga na matunda. Mtu alipoona kwamba tuta linamletea karo ya shule, hakuhitaji tena askari wa kumsimamia.

Wanaume wengi wakati huo walikuwa kazini Nairobi, Mombasa au jeshini. Basi ni nani waliochimba? Mwaitu alitujibu kwa kunyosha viganja vyake. Yeye alikuwa msichana mkubwa wakati mama yake alipomwingiza katika mwethya, yaani kikundi cha kazi ambapo leo mnalima kwangu na kesho kwako. Walitoka alfajiri na majembe na karai, wakiimba ili mgongo usahau uchungu. Sehemu kubwa ya kilima anachokiona mgeni akipita kwa gari na kukisifu ilijengwa na wanawake, wengine wakiwa na watoto mgongoni.

Njia yao kubwa inaitwa fanya juu, na jina hilo la Kiswahili limeingia hata katika vitabu vya kilimo vya Wazungu. Unapima mstari usiopanda wala kushuka kwa kamba, vijiti viwili na pima maji. Unachimba mtaro kufuata mstari huo, na udongo unaoutoa unautupa upande wa juu, si wa chini. Hapo ndipo mgongo unapouma, maana udongo unapenda kushuka. Juu ya ukingo huo unapanda majani ya nepia, ambayo mizizi yake hushika na ng'ombe wako hula. Kila mvua inapokuja hushusha udongo kidogo kutoka juu, ukingo unauzuia, na baada ya misimu kadhaa shamba lililokuwa mteremko linakuwa tambarare. Haba na haba hujaza kibaba.

Kwa hiyo tulipompelekea kijana wetu picha ile ya asubuhi, tuliandika chini yake: "Hizi ngazi zilijengwa na nyanya zako." Akatujibu kwamba wenzake wa chuo hawakuamini. Walidhani milima huzaliwa hivyo.

Jiwe

Kama habari ingeishia hapo, ingekuwa ya kujisifu tu. Lakini ukianza kuangalia, huchagui utakachokiona.

Baada ya kuonja utamu wa kulinganisha picha za zamani na za sasa, tulianza kutafuta za kwetu wenyewe. Katika albamu ya mkubwa wetu kulikuwa na picha ya harusi yake ya mwaka 1996. Mpiga picha aliwapeleka maharusi kijitoni, wakati wa kiangazi, kwa sababu mchanga mweupe ulipendeza. Bwana na bibi harusi wameketi juu ya jiwe, na wasimamizi wao wameketi pembeni. Jiwe lenyewe ni kama kigoda. Gauni la bibi harusi linafika chini, na viatu vyake vimegusa mchanga.

Tulichukua picha hiyo tukashuka nayo kijitoni ili tupige nyingine pale pale. Tulizunguka muda mrefu tukilitafuta jiwe. Tulilipita mara mbili. Mwishowe mdogo wetu alisimama, akainua kichwa na kusema, "Dada zangu, si hili?"

Lilikuwa juu ya vichwa vyetu. Kigoda kile kilikuwa ncha tu ya mwamba mkubwa, na mwamba sasa ulikuwa wazi hadi kwenye mizizi yake. Mahali viatu vya bibi harusi vilipogusa mchanga, pamebaki hewa. Mkubwa wetu alijaribu kupanda ili aketi kama siku ile, akashindwa. Alisimama chini yake akiwa ameshika picha, na hakuna aliyecheka.

Tulijua mchanga ulikokwenda. Hatukuwa na wa kumsingizia, kwa sababu ni sisi tulioutoa. Miaka sita iliyopita, mvua ilipokosa misimu miwili na watoto wawili wa boma letu wakaitwa kidato cha kwanza mwaka mmoja, waume zetu walikubali malori yapite shambani kwenda kuchota mchanga. Na tuseme ukweli mbele ya wasomaji wenzetu: sisi wake hatukukataa. Tulipika chai ya wapakiaji. Nairobi inajengwa usiku na mchana, na kila ghorofa linahitaji mchanga. Karo ililipwa, na nyumba ya mmoja wetu ikapata mabati mapya. Malori yakaendelea kuja hata baada ya karo kwisha.

Kwa wasiozijua nchi kavu, pengine mchanga ni mchanga tu. Kwetu mchanga ni tangi. Mito yetu mingi hutiririka kwa saa chache au siku chache baada ya mvua, kisha juu inakauka. Lakini maji hayajaondoka. Yamejificha kati ya punje za mchanga, na mchanga mzuri unaweza kushika maji ya robo ya ujazo wake au hata zaidi. Jua halifiki huko chini, ng'ombe hachafui, na mchanga wenyewe huyachuja. Mwanamke anachimba kwa kata, anasubiri kidogo, na maji maangavu yanajikusanya. Ndiyo maana katika sehemu zetu vikundi vya wenyeji hujenga kuta za mawe na saruji kukinga mto, ili mchanga ujae nyuma ya ukuta na maji yakae ndani yake. Wao wanajenga ili wapate kile ambacho sisi tulikuwa tukikiuza.

Hapo ndipo mambo tuliyoyanung'unikia mbalimbali yalipoungana. Zamani kisima chetu cha mchangani kilitufikisha hadi Septemba. Siku hizi Julai kimekauka, na punda anakwenda na mitungi hadi ng'ambo ya barabara. Tulilaumu mvua. Na lile tuta la mwisho, la kumi na nne, lilikuwa limepasuka na kipande chake kuanguka kijitoni. Tulilaumu fuko. Kumbe kitanda cha mto kimeshuka, na ukingo umebaki ukining'inia bila nguzo. Mwaitu na wenzake walitupa udongo juu kwa miaka. Sisi tuliuachia mlango wa chini.

Na udongo huo hauishii kwetu. Maji ya upande wetu huenda Mto Athi, ambao ukiwa unakaribia pwani huitwa Galana, kisha Sabaki, na kuingia Bahari ya Hindi kaskazini ya Malindi. Wakati wa mvua bahari ya huko hugeuka rangi ya kahawia. Mtalii anayesimama ufuoni na kamera yake akishangaa rangi ile, huenda anapiga picha ya mashamba ya Ukambani.

Picha mbili mezani

Hatukwenda nyumbani kugombana. Mwanamke aliyeolewa anajua kwamba jambo la fedha na shamba, ukilianza kwa lawama usiku, litajibiwa kwa hasira asubuhi. Tulikwenda mjini tukazichapisha picha zile mbili kwa ukubwa mmoja. Jumapili baada ya ibada, waume zetu na Mwaitu wakiwa wamekusanyika kwa muthokoi na maharagwe, tukaziweka mezani kando kwa kando, tukanyamaza.

Mume wa mkubwa wetu alizitazama kwanza kwa furaha. "Hii ni harusi yetu!" Kisha akaiona ya pili. Aliuliza ni wapi hapo. Mkewe akamwambia, "Ni pale pale tulipoketi." Alichukua picha, akaenda nayo mlangoni kwenye mwanga, akakaa huko kitambo.

Mazungumzo yaliyofuata hayakuwa mepesi. Mdogo wao aliuliza swali la haki: Januari ana mtoto wa kuingia sekondari, je, picha italipa karo? Mwingine alisema hata sisi tukifunga njia, jirani wa juu ataendelea kuuza. Yote mawili ni kweli, na hatukuwa na jibu la kumaliza. Mwaitu ndiye aliyesema la mwisho, na hakusema mengi. Alisema alipoolewa hapa aliwekwa zamu ya kuchota maji kijitoni, na hakuna siku aliyorudi mtungi mtupu. Akauliza, "Mkaza mwana atakayekuja baada ya hawa, mtamwonyesha wapi pa kuchota?"

Njia ya malori imefungwa kwa miiba na nguzo tangu wiki ile. Kwa karo tuliamua kuuza ng'ombe mmoja, na sisi wake tunaongeza vyondo vyetu tunavyosuka jioni. Jirani wa juu bado anauza. Tumemwalika yeye na mkewe waje kuziona picha zile, wamesema watakuja. Kaunti jirani ya Makueni ilitunga sheria ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015, kwa hiyo tunajua kwamba si sisi peke yetu tunaohangaika na jambo hili. Tuta la kumi na nne tumelishonea upya kwa mawe na nepia. Tulipokuwa tukichimba, Mwaitu aliketi juu akitusahihisha: "Juu! Tupeni juu! Msiwe wavivu!"

Ukitaka kujaribu kwenu

Dada msomaji, huenda kwenu si kilima wala si mchanga. Huenda ni ufuo wenye mikoko, shamba la migomba, au uwanja nyuma ya nyumba za kupanga. Jambo hili haligharimu kitu, nasi tumejifunza machache ya kukuachia.

Chagua pahali pamoja unapopita kila siku, si pahali pazuri. Weka alama ya kusimama, kama jiwe au kisiki, ili mwakani urudi pale pale. Piga asubuhi na mapema au jioni, jua likiwa pembeni. Mweke mtu ndani ya picha, hata mtoto, maana bila mtu huwezi kujua urefu wa jiwe wala kina cha korongo. Usiondoe takataka kwanza ili picha ipendeze. Picha iliyopambwa haikumbuki kitu. Ukipiga shamba la jirani, mwombe ruhusa kwanza. Chapisha angalau moja na uandike nyuma tarehe na mahali, kwa sababu simu hupotea na majina husahaulika. Kisha fungua albamu zako za zamani na utazame nyuma ya mabega ya watu. Sisi tuliitazama picha ile ya harusi kwa zaidi ya miaka ishirini, tukiangalia gauni.

Tunapoandika haya, mvua za vuli hazijaanza. Tumepiga rangi nyeupe kwenye mwamba, mstari mmoja pale mchanga ulipo leo, na kando yake tumeandika mwaka. Mkubwa wetu na mumewe walisimama chini ya mstari, tukawapiga picha wakiwa wamevaa nguo za shamba. Mvua ikija, kijito kitashusha mchanga mpya kutoka juu, kama jirani atatuachia. Tutarudi na simu kuona kama mstari umefunikwa. Mkubwa wetu anasema hana haraka. Anachotaka ni siku moja aketi tena juu ya jiwe lake bila kupandishwa kwa ngazi.